Tupeane uzoefu: misuli ya mgonjwa wako ilibadilikaje baada ya kiharusi?

Mwangaluka wana jamvi. Mimi ni fundi cherehani, Igoma hapa Mwanza. Mwaka jana baba alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Siku ya kutoka hospitali tuliandikiwa dawa za presha na kuambiwa apunguze chumvi. Habari ya misuli hakuna aliyeigusia, nasi kwa mapenzi yetu tukawa tunamwambia apumzike. Mama anamlisha, wadogo zangu wanambeba hadi msalani.

Wiki ya tano hivi nikawa nampunguzia suruali kiuno. Alipoivaa, mguu mmoja ulimpwaya kuliko mwingine. Nikachukua futi: paja la kushoto sentimita 48, la kulia 43. Nikapima mara tatu, nikidhani futi imeteleza.

Mtu wa mazoezi tuliyempata baadaye ndiye aliyetufumbua macho. Kiharusi hupiga ubongo, lakini msuli usioletewa amri nao huanza kunywea, tena ndani ya siku na wiki. Nyama ikipungua, mafuta hujipenyeza kati ya nyuzi, kwa hiyo hata mguu unaoonekana mnene unaweza kuwa hauna nguvu. Nyuzi zenyewe nazo hubadilika: zile za kuvumilia kazi ndefu hupungua, zikazidi zile zinazochoka upesi. Hapo nikaelewa kwa nini baba akipiga hatua kumi jasho linamtiririka. Na sisi tulikuwa tunamwambia ajikaze! Iliniuma sana.

Siku hizi tunamfanyisha kusimama na kukaa kitini, mguu wa kulia ukiwa nyuma kidogo ili nao ubebe uzito. Alianza na mara tatu, sasa anafika kumi na mbili. Juzi paja limesoma 45. Nyie wenzangu mliona nini?

Wa Kirumba: Pole sana dada. Mume wangu ni mvuvi, mkono ule umevuta nyavu miaka ishirini. Kwetu haukunywea tu, ulikakamaa. Kiwiko kimejikunja, vidole vimefumba mpaka kucha zinachimba kiganja. Kumwosha humo ndani ilikuwa kazi, ukivuta kwa nguvu ndiyo anazidi kukaza. Nilijifunza kukunja kiwiko kwanza, nishushe kifundo cha mkono, ndipo vidole vinaachia kimoja kimoja, polepole. Kosa letu lilikuwa mpira. Jirani alituambia aminye mpira kutwa, kumbe vidole vyake kufumba vinajua, shida ni kufumbua. Sasa anashika kikombe cha plastiki na kukiachia, anashika na kukiachia. Msuli ukikaa umekunjwa muda mrefu unafupika kweli, usisubiri.

Wa Mabatini: Sisi nyumba iko juu kwenye mawe, gari halifiki. Kumshusha mama kliniki tulikuwa tunamshika mkono uliopooza na kumvuta. Bega likashuka, ukipapasa juu yake unakuta kishimo, na usiku halali kwa maumivu. Misuli inayoshikilia bega ilikuwa imelegea, sisi tukamalizia. Jamani, msivute ule mkono. Mshikeni kiunoni.

Wa Nyegezi: Mjomba wangu yuko mwaka wa tatu. Mtaani walimkatisha tamaa kwamba miezi sita ikipita hakuna jipya, akaacha mazoezi. Kigimbi kikafupika, kisigino hakigusi chini, vidole vinakwaruza hadi kandambili inatoboka mbele. Ni kweli mwanzoni mtu hurudi kwa kasi zaidi, ila msuli ukipewa kazi hujengeka hata baada ya miaka. Tulimrudisha: kunyoosha kigimbi kila asubuhi, kisha kutembea barabara tambarare, anaongeza nguzo moja ya umeme kila anapozoea. Na chakula jamani! Alikuwa anaishi kwa uji mtupu. Tukaongeza mayai, maziwa, sato aliyetolewa miba. Ila kama mgonjwa anapaliwa akimeza, mwonyesheni kwanza kwa mtaalamu.

Mwanzilishi: Asanteni mno. Wa Mabatini, bega la mama lilirudi? Nauliza kwa sababu kumwinua baba kitandani huwa tunamvuta mkono huohuo.

Wa Mabatini: Kishimo bado kipo, maumivu yamepungua sana. Akikaa tunamwekea mto chini ya mkono usining'inie. Dada, waambie wadogo zako leo hii hii, kabla hawajamwinua tena.