Pixel 9a ya Marekani hapa Bongo: chaji, laini ya pili na 4G inayopotea ukipiga simu

Kipusa_wa_Temeke aliuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Simu ni Google Pixel 9a ya 128 GB, imetoka Marekani. Aliyeituma aliiwasha kulekule kuhakikisha iko sawa, kisha akaifuta. Ina siku tatu mkononi, laini moja ya kadi.

Kwanza chaji. Saa moja asubuhi iko 100, saa kumi jioni inasoma 38, na kioo kimewaka saa tatu na nusu tu. Usiku ikilala kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi inapoteza 14. Kwa betri ya mAh 5,100 hii ni hali ya siku za mwanzo au kuna kitu kinanyonya?

Pili laini. Intaneti inasoma 4G bila shida, ila ukipiga simu ya kawaida inashuka hadi 3G mpaka ukate. Kitufe cha VoLTE (simu ya sauti kupitia 4G) hakipo kabisa. 5G nayo haitokei, hata pale simu nyingine zinapoipata. Mtandao sitautaja kwa sababu nahisi kosa si lao. Na laini ya pili inakaa wapi? Trei ina nafasi moja.

Tatu, kwenye boksi kuna waya tu. Chaja ya laptop ya wati 65 itaiunguza?

Waya_Mwekundu alijibu:

Mkuu, tenganisha mchana na usiku, usivichanganye kwenye hesabu moja.

Ile 62 ya mchana (100 kutoa 38) bado haisemi kitu. Siku za mwanzo simu inapakua programu ulizohamisha, inapanga picha kwa nyuso na mahali, inasasisha Play Store, na bado haijajua programu zipi unazitumia ili ilaze nyingine. Ipe wiki moja hadi mbili ndipo uisome. Kama Google Photos inapakia picha zote kwa ukubwa wake halisi, sitisha hadi upate Wi-Fi, maana hiyo inakula chaji na bando kwa pamoja.

Ile 14 ya usiku ndiyo ya kuifuatilia. Simu iliyolala saa nane mahali penye mtandao mzuri hupoteza kati ya 3 na 6 hivi. Kwa hiyo fanya jaribio la usiku mbili. Usiku wa kwanza weka Hali ya ndegeni, andika asilimia ukilala na ukiamka. Usiku wa pili acha laini ikiwa hewani, Wi-Fi imezimwa. Ukipoteza 2 au 3 usiku wa kwanza na 12 na zaidi usiku wa pili, usihangaike na programu, mla chaji ni modemu, kile kifaa cha ndani kinachoongea na mnara. Zikilingana, basi kuna programu haijalala. Ingia Mipangilio, Betri, matumizi ya betri, uangalie kilichofanya kazi kwa nyuma bila kioo kuwaka.

Kwa maelezo yako nashuku modemu, na nina mtu wa kumshuku zaidi: eSIM ya Marekani, yaani laini iliyo ndani ya simu bila kadi. Kama aliyeituma aliiwasha na laini ya kule, kufuta simu hakulazimishi kufuta eSIM. Wakati wa kufuta kuna kisanduku cha peke yake cha kuiondoa, na watu wengi hukiruka. Eneo ambalo laini hiyo haina mtandao wa kuikaribisha, modemu inatafuta mnara usiku kucha. Nenda Mtandao na intaneti, kisha SIM, uone zimeorodheshwa ngapi.

Ukishaitoa, soma nguvu ya mtandao hapo unapolala: Kuhusu simu, hali ya SIM, tafuta namba ya dBm. Kwenye 4G, -85 au -90 ni safi. Kuanzia -110 kwenda -120 simu inalazimika kupaza sauti ili mnara uisikie, na chaji itaondoka hata usipoigusa. Modemu ya 9a ni Exynos 5300, ya kizazi cha Pixel 7 na 8, wakati Pixel 9 yenyewe ilipewa 5400. Ndipo Google walipobana matumizi, na mahali penye mtandao hafifu utalisikia hilo.

Babu_Chenga alijibu:

Dawa rahisi: itumie mpaka ijizime yenyewe, ichaji usiku kucha, rudia mara tatu. Betri mpya lazima izoeshwe.

Waya_Mwekundu alijibu:

Babu, shikamoo, lakini hiyo ilikuwa ya betri za nikeli. Betri ya lithiamu haizoeshwi. Kuishusha hadi ijizime kunaweza kurekebisha usomaji wa asilimia tu, hakuongezi hata mAh moja. Na kwa simu hii mizunguko ina hesabu yake, kama atakavyoeleza mwenye kujua.

Ngalawa_ya_Tanga alijibu:

Nichukue upande wa laini.

Hisia yako ni sahihi, kosa si la mtandao peke yake. Pixel huwasha VoLTE na 5G kwa kufuata faili la mipangilio la kila kampuni ya simu ambalo Google wenyewe wanaliweka. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambako Google wanaiuza Pixel rasmi. Laini isiyo kwenye orodha hupewa mipangilio ya jumla: 4G ya data inafanya kazi, VoLTE imefichwa, 5G imefichwa. Redio ya 5G iko ndani na ni nzima, imefungiwa mlango tu.

Bila VoLTE, simu ya sauti haiwezi kupita kwenye 4G, hivyo kila ukipiga au kupigiwa inashushwa 3G, au 2G pale isipokuwapo 3G. Ikishuka 2G data inasimama kabisa mpaka ukate. Menyu za USSD kama *150*00# nazo hushusha mtandao kwa muda, usishtuke. Simu za WhatsApp haziguswi na haya yote kwa kuwa zinapita kwenye data, isipokuwa mtu akikupigia simu ya kawaida katikati.

Onyo, maana naona watu wanashauriana hili kila siku: usiingie *#*#4636#*#* (menyu ya siri ya mtandao) ukachagua 4G peke yake. Bila VoLTE, simu iliyofungiwa kwenye 4G haipokei simu wala haipigi. Ukiambiwa "hupatikani" siku nzima, anza kuangalia hapo. Kitufe cha kuruhusu 2G nacho kiache kimewashwa kama unasafiri mikoani.

Namna ya kuufungua huo mlango ipo: programu ya Pixel IMS ikisaidiwa na Shizuku (programu inayoipa nyingine ruhusa za ndani ya mfumo), bila kuruti, yaani bila kuvunja ulinzi wa mfumo wa simu. Gusa Nambari ya muundo mara saba ili Chaguo za wasanidi programu zitokee, unganisha Wi-Fi, washa utatuzi kupitia Wi-Fi, oanisha na Shizuku kwa kuandika kwenye taarifa yake zile namba sita zinazotokea kwenye utatuzi kupitia Wi-Fi, bonyeza kuanza, kisha fungua Pixel IMS uwashe VoLTE kwa laini husika. Halafu rudi *#*#4636#*#*, maelezo ya simu, nukta tatu, hali ya IMS (mfumo unaobeba simu za sauti kwenye 4G). Ikisema imesajiliwa, piga simu utazame: alama ya 4G inabaki. Ikisema haijasajiliwa, sababu ni moja kati ya mbili. Ama mipangilio haikukaa, ama kampuni haijaiwekea namba yako huduma ya VoLTE upande wao, na hapo ni kuwapigia huduma kwa wateja.

Jua kwamba Shizuku inazimika kila ukizima simu, na kwamba kwenye masasisho ya 2025 Google waliziba njia iliyokuwa ikitumiwa na matoleo ya zamani ya Pixel IMS. Pakua toleo jipya, na kila baada ya sasisho kubwa hakiki upya. Binafsi nasema: kama unaishi mahali penye 3G imara, kazi hii haina haraka. Kama eneo lako simu inashuka 2G, ifanye leo.

Laini ya pili: 9a inachukua kadi moja ya nano na eSIM, au eSIM mbili. Hakuna nafasi ya kadi ya pili wala ya kadi ya kumbukumbu, hiyo 128 GB ndiyo yote. Kuhamisha laini kwenda eSIM ni dukani kwa kampuni yako, na namba ya NIDA na alama ya kidole. Fanya hivyo kwa laini usiyoihamisha mara kwa mara. Ile yenye pesa iache kwenye kadi: siku simu ikifa unaichomoa unaiweka kwenye kiswaswadu chochote, hutegemei duka kufunguliwa.

Mama_Adapta alijibu:

Chaja ya laptop haiunguzi, mdogo wangu. Simu na chaja zinaelewana kwanza, na simu ndiyo inayoomba. Pixel 9a inaomba wati 23 mwisho, hata uichomeke kwenye ya 100. Ila kufika hizo 23 chaja iwe imeandikwa PD na PPS, ndizo lugha za kuchaji haraka ambazo simu na chaja zinaelewana nazo. Angalia maandishi madogo, mstari wa PPS huwa na volti zinazoanzia 3.3. Isiyo na PPS itachaji, polepole zaidi. Hata kwa chaja sahihi kutoka sifuri hadi 100 ni zaidi ya saa moja na nusu, hii si simu ya kuchaji dakika ishirini ukatoka. Isiyotumia waya ni wati 7.5, ya kuweka kitandani tu.

Ukitumia pawabenki ya mAh 10,000 usitegemee mara mbili. Hizo 10,000 zinapimwa kwenye volti 3.7, ni kama Wh 37. Ukitoa kinachopotea njiani kama joto unabaki na ishirini na kitu, na betri ya simu yenyewe inakaribia 20. Ni mara moja na kidogo.

Sasa ile hesabu ya mizunguko. Pixel 9a ina utaratibu wa kulinda betri ambao hauzimiki. Kuanzia mzunguko wa 200 hadi wa 1,000 simu inapunguza kidogo kidogo volti ya juu ya betri, kwa hiyo muda wa kukaa na chaji unapungua na kasi ya kuchaji inaweza kubadilika. Mzunguko mmoja ni jumla ya 100 iliyotumika: 50 leo na 50 kesho ni mmoja. Mtu anayetumia 70 kwa siku anaifikia 200 baada ya siku kama 286. Hiyo mizunguko mitatu ya Babu ni ya kutupa bure. Idadi unaisoma kwenye Kuhusu simu, maelezo ya betri. Simu mpya ikisoma makumi, si mpya.

Kuhusu kikomo cha 80: kinasaidia betri kuzeeka polepole, lakini unaacha mAh 1,020 mezani kila siku. Kwa anayekaa ofisini karibu na soketi, weka. Kwa anayekatikiwa umeme jioni, mimi siweki. Joto ndilo baya zaidi. Simu kwenye dashibodi ya gari, inachaji, inaonyesha ramani, inagawa mtandao-hewa: hapo hakuna kikomo kitakachokuokoa.

Mzee_wa_IMEI alijibu:

Kwa wanaosoma na bado hawajalipa. Kabla ya pesa kutoka mkononi, bonyeza *#06#, tuma tarakimu 15 za IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, uone jibu linataja modeli hiyohiyo. Futa simu mbele ya muuzaji, unganisha Wi-Fi, pita hatua zote za kuianzisha. Isikudai akaunti ya mtu mwingine. Kisha weka laini ya hapa, siyo kuangalia tu. Simu za kampuni za Marekani hufungwa na kufunguliwa kwa mbali, na kufuli huweza kujitokeza baada ya simu kupata intaneti. Namba za siri za kufungulia zinazouzwa mitaani hazina kazi hapo. Anayeifungua ni kampuni yenyewe, na sharti lao huwa simu iwe imemalizwa kulipwa.

Kwa upande wa vipengele: kamera ya 48 MP, kuhariri picha na kufuta kelele kwenye video vinafanya kazi hapa kama kule. Kupokelewa simu na msaidizi kunapatikana katika nchi fulani tu. Kuomba msaada kwa setilaiti haimo kwenye 9a kabisa, na programu ya Pixel Screenshots nayo haimo kwa sababu RAM ni GB 8. Masasisho ni miaka saba tangu Aprili 2025, na hilo ndilo linalonifanya niitetee. Kagua pia kama kioo kiko 60Hz, yaani kinajichora upya mara 60 kwa sekunde. Kuweka 120Hz ni kuchagua, na chaji inalipa.

Kipusa_wa_Temeke alijibu:

Ahsanteni. Majibu ya jaribio: Hali ya ndegeni 2, laini hewani 13. Kwenye SIM kulikuwa na mbili, ya pili ni eSIM ya kule na imewashwa. Nimeizima, jana usiku 5. Nguvu ya mtandao chumbani ni -104. Mizunguko inasoma 4.

Swali la mwisho: nikiifuta kabisa hiyo eSIM, simu inaweza kujifunga?

Ngalawa_ya_Tanga alijibu:

Hapana, kufuli halikai kwenye eSIM. Laini ya hapa inapiga na kupokea, kwa hiyo iko wazi. Muulize tu aliyeituma kama namba hiyo bado anaihitaji, maana ukifuta, kuirudisha ni hadi kampuni ya kule itoe nyingine. Na hiyo -104 sogeza kitanda karibu na dirisha au uache Wi-Fi ya nyumbani ibebe data, 5 itashuka tena kidogo.