Naomba ushauri: bondi maradufu mbona haifikii nguvu mara mbili?

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu yuko kidato cha tano, kanibana na kemia ambayo mimi mwenyewe niliikimbia.

Bondi moja (jozi moja ya elektroni inayofunga atomi mbili) kati ya kaboni na kaboni ina urefu wa pikomita 154 hivi, na kuivunja kunahitaji takriban kilojuli 347 kwa moli. Ikiwa maradufu (jozi mbili) inafupika hadi 134, nishati 614. Ikiwa ya mara tatu (jozi tatu), 120 na 839. Kufupika naelewa: elektroni zikiongezeka katikati, viini vinavutwa karibu. Lakini 347 mara mbili ni 694! Nikamwambia bondi ya pili ni ya pai, yaani obiti zake (maeneo zinamokaa elektroni) zinagusana ubavuni tu, ndiyo maana ni dhaifu. Akaridhika, nikajiona profesa.

Kesho yake kaja na naitrojeni: kuvunja bondi moja ni kilojuli 160 hivi, ya mara tatu 945. Karibu mara sita! Nilichoambulia ni kwamba jozi za elektroni zisizo kwenye bondi zinasukumana, hivyo bondi moja inadhoofika. Je, hilo peke yake linatosha kueleza pengo lote? Walimu, ninyi huwa mnaanzia wapi? Jumapili atarudi tena na daftari lake.