Shilingi 166 kwa siku ndiyo mnaita kufuga wavivu? Acheni kumcheka mama yangu

Wakuu,

Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa jana wa hela za TASAF, ruzuku ambayo serikali inazipa kaya maskini. Ule ndio umenipandisha hasira. Kurasa nne watu wazima wanacheka, eti siku ya malipo vilabu vya pombe kijijini vinajaa, eti serikali inafuga wavivu. Mmoja akamalizia kabisa: "Wapewe majembe." Jembe analo, ndugu yangu. Mama yangu ameshika jembe tangu wewe hujazaliwa, na mpini ameshabadilisha mara ngapi hata hakumbuki.

Tufanye hesabu kwanza, maana naona wengi mnabishana hata kiwango hamkijui. Mama aliingia kwenye mpango wa TASAF mwaka 2015, kipindi kile idadi ilipofika kaya zaidi ya milioni moja nchi nzima. Kijiji chetu kiko Dodoma, upande wa Chamwino, jina lake sitataja kwa sababu mtakazoziona huko chini. Anaishi na wajukuu watatu, watoto wa marehemu dada yangu, wakati huo wote walikuwa shule ya msingi. Ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi. Kwa kuwa nyumba ina watoto, 4,000 nyingine. Halafu 2,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi anayehudhuria, jumla 6,000. Hiyo ilikuwa 20,000 kwa mwezi, na ilitoka kila baada ya miezi miwili, yaani 40,000 kwa mkupuo. Gawa kwa watu wanne, gawa kwa siku thelathini. Shilingi 166 kwa kichwa. Mwenye kujua kilabu ambacho mtu analewa kwa 166 anielekeze, na mimi nihamie.

Na usidhani zinamwagwa tu. Watoto wasipofikisha asilimia 80 ya mahudhurio shuleni, zilikuwa zinakatwa. Mjukuu wa kati aliwahi kulala na malaria wiki nzima na mama hakuhangaikia homa peke yake, alihangaikia na daftari la mahudhurio.

Sasa niwaambie kitu ambacho mtu wa mjini hawezi kukiona hata akipita na basi kila wiki. Kwetu mvua ni msimu mmoja. Unapanda Desemba, palizi inaangukia Januari na Februari, na hiyo ndiyo miezi ambayo ndani hamna kitu. Kabla ya hela hizi, mama alikuwa anaamka alfajiri ya Januari anakwenda kibarua kwenye shamba la mtu mwenye akiba, apate sado ya mtama wale jioni. Jioni hiyo hiyo, si kesho. Kesho anarudi tena. Huku shamba lake linamezwa na majani. Mwezi wa sita anavuna magunia mawili, Novemba yameisha, Januari huyo yuko tena kwenye shamba la mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kumpigia simu nikiwa Dar namwambia "mama, lima kwa bidii." Bado naona aibu. Alikuwa analima kwa bidii, ila shamba la mwenzake.

Msimu wa kwanza baada ya kuingia kwenye mpango alipalilia la kwake, kwa wakati. Hakuna muujiza mwingine. Ile 40,000 ilinunua mahindi ya kula wiki za palizi, basi. Mwaka ule akavuna magunia matano ya mtama na karanga kidogo. Hela iliyofuata akanunua mitetea mitatu, jogoo akaazima kwa jirani. Mwaka wa pili kuku wakawa mbuzi jike wawili. Watoto wakapata viatu vya shule, na nisianze kusikia habari za elimu bure. Elimu bila ada mpaka kidato cha nne ilianza kweli Januari 2016, lakini sare, madaftari na viatu haviteremki na mvua.

Mtasema huyo ni mama yako tu. Sawa. Majaribio ya hela hizi yalianza 2010 kwenye vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na hapo hapo kwetu Chamwino. Vijiji 80, nusu vikapewa, nusu vikasubiri, watafiti wakalinganisha. Waliopewa walionekana na kuku na mbuzi zaidi, walilipia bima ya afya ya jamii zaidi, na watoto wao walivaa viatu. Kuku, mbuzi, viatu. Kama vile wametoka kukagua boma la mama. Na hilo la pombe nalo lilishachunguzwa: watafiti wawili wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali, wakakuta watu maskini wakipewa hela hawaongezi kununua pombe wala sigara. Walevi wapo, hata kijijini kwetu namjua mmoja. Alikuwa mlevi kabla ya mpango na hata mngempa jembe la dhahabu angelinywea.

Lakini sijafungua uzi kuja kusifia. Ninaowakasirikia zaidi si ninyi mnaocheka.

Kilichobadilisha maisha ya mama si ile 40,000. Ni kujua kwamba inakuja. Mangi, mwenye duka wa pale kijijini, alianza kumkopesha, mama ambaye zamani akiingia dukani anaulizwa kwanza "una hela?" Akawa na ukurasa wake kwenye daftari. Sabuni, chumvi, mafuta ya kula ya kupima, dawa ya kuku. Dirisha la malipo likifunguliwa, yaani awamu ya hela ikitoka, analipa, anaanza upya. Akaingia na kikundi cha kuweka na kukopa, kila wiki ananunua hisa. Msiba ukitokea anatoa mchango wake na jina linasomwa. Kwa mtu wa pale, jina kusomwa si jambo dogo.

Sasa dirisha likikaa miezi mitatu, minne, bila neno? Hakuna tangazo, hakuna ujumbe, ukimuuliza kiongozi wa kitongoji naye anakuuliza wewe. Sijui fundo liko wapi na sitaki kumbebesha mtu nisiyemjua. Najua linapoangukia. Msimu mmoja hela hazikuja tangu Novemba, zikaingia mwishoni mwa Machi. Mama alikuwa ameshakopa akitegemea Januari. Akaenda dukani kuchukua chumvi, Mangi akamwambia mbele ya watu, "Bibi, daftari limejaa. Hela zikitoka ndio tutaongea." Simlaumu Mangi, naye ana mzigo wa kulipia. Lakini mama aligeuka na kikapu chake kitupu, na tangu siku hiyo chumvi anamtuma mtoto.

Februari hiyo akauza mbuzi mmoja mwenye mimba kwa 35,000, kwa mtu anayepita kijijini miezi ya njaa akijua hakuna atakayembishia bei. Kikundi kikamtoza faini za kuchelewesha hisa. Na palizi ikampata wapi? Kibarua, kwenye shamba la mtu. Hela zilipotoka zilikuja zote kwa pamoja, nono, ndipo mkawaona "wanatanua". Zilikaa mkononi siku moja. Nusu Mangi, robo kikundi, zilizobaki mahindi ya bei ya Machi. Anayesema "si wamelipwa malimbikizo yote, tatizo nini" aniambie nani amemlipa yule mbuzi na kilichokuwa tumboni.

Halafu kuna meza. Enzi za kulipwa mkononi, pembeni ya meza ya malipo kulikuwa na meza ya pili. Pale wanakaa wakubwa wa kijiji na orodha: mchango wa darasa, mchango wa zahanati, mchango wa mwenge. Mama anapokea 40,000 hapa, hatua tatu mbele inabaki 27,000. Tajiri wa kijiji mwenye mashine ya kusaga hajatoa mchango huo mpaka leo kwa sababu hapangi foleni popote. Ndiyo maana kijiji sikitaji. Mama bado anaishi pale.

Tukafurahi walipoanza kulipa kwa simu, tukasema meza imekufa. Mama alama za vidole hazisomeki. Miaka hamsini ya jembe, zimefutika. Amewekwa vidole kwenye kile kimashine mpaka kijana wa kusajili laini za simu akakata tamaa. Ikasajiliwa laini kwa jina la binamu yangu. Unaweza kumalizia mwenyewe. Mara "mtandao unasumbua", mara "wamekata makato", mara ameletewa 20,000 na maneno matamu. Mama anasema, "Mwanangu, usigombane naye, ndiye aliye karibu." Na ni kweli, mimi niko kilomita mia nne na kitu, hela ninayotuma haina tarehe, nikipata natuma, nisipopata nazima simu. Kwa hiyo na mimi nimo kwenye huu uzi.

Mwenye mzazi ambaye vidole havisomi, alifanyaje mpaka akapata namba ya kitambulisho cha taifa na laini ya jina lake? Naomba utaratibu, si pole. Ijumaa usiku napanda basi. Jumamosi asubuhi nitakuwa kwa binamu kuchukua ile laini kabla dirisha halijafunguliwa.