Tupeane uzoefu: juma la vipindi katika redio ya jamii

Mwana wa Kilwa

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Leo nilikuwa kwenye foleni ya mizani ghalani, na redio ya karani ilipoanza kusoma matangazo ya vifo, msomaji akataja kijiji sicho. Foleni nzima ilivurugika, kwa sababu kuna waliodhani ni msiba wao, na kuna wenye msiba ambao hawakujua kama umetangazwa. Niliwahi kuwa mtangazaji wa kujitolea katika redio ya jamii ya wilaya, na daftari la vifo lilikuwa mikononi mwangu kila asubuhi, kwa hiyo jambo hili limenigusa sana. Waliofanya kazi katika redio hizi, au waliozisikiliza kwa karibu, tusimulieni juma lenu la vipindi lilikwendaje, na siku ipi ilikuwa nzito kuliko zote.

Kwetu juma lilianza Jumatatu kwa kikao cha kupanga vipindi, mara tu baada ya zamu ya alfajiri kumalizika. Msimu wa ufuta ukifika, bei za mnada zilisomwa siku ileile ya mnada, maana mkulima aliyekwisha kupeleka mzigo wake AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kubaki na stakabadhi mkononi anataka kujua kilo zake zimeuzwaje kabla hajalala. Jumatano alikuja mhudumu wa zahanati kujibu maswali ya kina mama, Alhamisi usiku ilikuwa taarabu, Ijumaa mawaidha kabla ya swala, Jumamosi watoto wa shule walishika maikrofoni wenyewe, na Jumapili asubuhi zilikuwa nyimbo za kwaya. Kila saa ilikuwa na watu wake, na ukiiondoa bila taarifa, simu ya studio haipumziki mpaka usiku.

Bi Zamu ya Alfajiri

Daftari la vifo, mwanangu, ndilo redio yenyewe. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Fundi Mnara

Watangazaji mnakumbuka sauti, lakini sisi mafundi tunakumbuka umeme. Ratiba yetu ilikuwa na mpaka mmoja usiovukwa, nao ni saa 2 kamili usiku, tulipojiunga na TBC Taifa, redio ya taifa, kwa taarifa ya habari. Mtangazaji wa jioni alitakiwa awe ameshaaga mapema, ili zile ngoma za kufungulia taarifa zisimkute mama wa watu yuko kwenye simu anaeleza rangi ya ng'ombe wake aliyepotea. Niliona watangazaji wazuri wakishindwa kumkatiza mzee aliyekuwa analia hewani, na sikuwalaumu, ila mimi ndiye niliyekuwa na mkono kwenye kitufe cha mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti.

Siku nzito kwangu ilikuwa Ijumaa moja ya masika. Transmita, yaani mtambo wa kurushia matangazo, ilizima yenyewe mawaidha yakiwa katikati, kwa sababu feni yake ilijaa vumbi na joto likapanda. Nilifungua mfuniko, nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, nikasubiri mtambo upoe, na wakati wote huo waumini walikuwa wamekusanyika nje ya studio wakiuliza nani ameamuru sheikh anyamazishwe. Hakuna aliyeamuru. Ushauri wangu kwa vituo vidogo ni kwamba feni isafishwe kila Jumatatu, hata kama kikao cha vipindi kitachelewa. Jambo la pili ni kwamba mawimbi ya FM hayapindi mlima, kwa hiyo msiwaahidi watu wa bondeni kipindi ambacho hawatakinasa.

Mhasibu wa Zamani

Kwa heshima zote, Bi Zamu, naomba nitofautiane nawe kidogo. Ikiwa daftari la vifo ndilo redio yenyewe, basi na bili ya umeme ya redio hiyo ilipwe na nani? Katika kituo nilichohesabia fedha, tangazo la kifo lilikuwa na ada ndogo, na ada hizo ndizo zilizonunua mafuta ya jenereta pale mradi wa mfadhili ulipofika mwisho. Vipindi vya afya na elimu vilivyokuwa vikilipiwa na mradi vilikufa ndani ya mwezi mmoja, kimoja baada ya kingine, lakini matangazo ya vifo hayakukosa mlipaji hata siku moja.

Bi Zamu ya Alfajiri

Hayakukosa mlipaji kwa sababu asiye na fedha alirudi nyumbani kimya, nawe hukumwona. Mimi nilimwona. Mtu ametembea usiku kucha kutoka shamba la mbali, maiti iko ndani, ndugu wako kata nyingine, halafu anaambiwa na mlinzi asubiri mhasibu afike saa tatu. Maziko yalifanyika bila kaka wa marehemu. Uzeni matangazo ya maduka, ya harusi na ya minada ya ng'ombe, lakini msiuze taarifa ya kifo kwa mtu ambaye redio mnaiita yake.

Mhasibu wa Zamani

Nakubali kwamba huyo alitendewa vibaya. Hata hivyo, bado nasema kituo kisichotoza chochote hufungwa, na kikifungwa, kaka wa marehemu hatapata taarifa kamwe.

Binti Pwani

Ndugu zangu, samahani kwa kuingilia kati mabishano yenu, lakini swali la siku nzito limenirudisha kwenye juma la kimbunga Hidaya, Mei 2024, na tangu hapo sijawahi kuliandika.

Nilikuwa zamu ya mchana katika redio ya jamii ya pwani ya kusini. Jumatano ilikuwa Mei Mosi, na tulikuwa tumepanga vipindi vya wafanyakazi kutwa nzima. Katikati ya juma hilo ndipo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilipoanza kutufikia, kwanza za mgandamizo mdogo wa hewa baharini, kisha za kimbunga chenye jina. Mnajua wenyewe kwamba watu wetu hawajazoea vimbunga. Tumezoea kusi na kaskazi, tumezoea masika, lakini kimbunga ni habari ya Msumbiji na Madagaska. Kwa hiyo tulipoisoma taarifa mara ya kwanza, wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama ni kweli au ni maneno ya mitandaoni.

Alhamisi usiku ni usiku wa taarabu, na ndicho kipindi chenye wasikilizaji wengi zaidi katika juma letu lote. Msimamizi wetu alipiga simu akasema taarabu iondolewe, na saa zote zigawiwe kwa wavuvi. Tulikuwa tunajua kwamba kuna watu wengi wako dago, yaani kambi za muda za uvuvi, kwenye vile visiwa vidogo visivyokaliwa, ambako simu inashika ukipanda mwamba tu, lakini kila kambi ina redio moja ya betri, na mara nyingi anayeisikiliza ni mpishi. Tukaanza kusoma majina ya vyombo. Viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, walituletea orodha kijiji kwa kijiji, na kila jahazi, mashua na ngalawa iliyokuwa nje ilitajwa kwa jina lake na jina la nahodha, kisha tukaeleza bandari ya karibu ya kujihifadhi.

Ijumaa alikuja mama mmoja studio, kanga kichwani imelowa mvua, akasema wanawe wawili wako dago na simu hazipatikani. Utaratibu wetu haukuruhusu mtu kuzungumza hewani bila mhariri kujua atasema nini. Nilimpa maikrofoni. Aliwaita kwa majina yao ya utotoni, akawaambia waache nyavu, waache samaki waliokaushwa, wakivute chombo mpaka kwenye mikoko na wakifunge huko, kisha akasema: "Mwambieni nahodha kwamba mashua itanunuliwa nyingine." Mara tu alipomaliza, simu zilijaa kina mama wengine waliotaka nao kusema. Tuliwapa nafasi wote.

Usiku wa kuamkia Jumamosi umeme ulikatika, tukaendelea kwa jenereta. Jumamosi upepo uliongezeka, bati moja la paa la studio likang'oka na kugonga nyaya zinazoukaza mnara, nasi tukazima mtambo kwa muda tukihofia mnara kuanguka. Muda ule wa kimya ndio mzito kuliko yote niliyowahi kukaa kazini, kwa sababu nilijua kuna mtu kisiwani ameshika redio sikioni, na hasikii kitu. Jumapili tulirudi hewani, safari hii kwa jambo jingine kabisa: barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ilikuwa imekatwa na mafuriko eneo la Somanga, na abiria waliokwama walikuwa wanatutumia ujumbe tuwaambie ndugu zao kwamba wako hai. Tulisoma majina ya abiria mpaka sauti zikakauka.

Mpwa wa Terrat

Dada, wale vijana wawili walirudi? Tafadhali usituache hapo.

Msikilizaji Mkweli

Mimi nilikuwa Mtwara wakati huo, na naomba niseme ukweli kama nilivyouona. Redio zilitia watu hofu kupita kiasi. Kwetu shule zilijaa wasiwasi, maduka yakafungwa, halafu upepo ukapita bila madhara makubwa. Ratiba ya juma zima ikavurugwa. Redio ya jamii inapaswa kutuliza watu.

Binti Pwani

Ndugu Msikilizaji, kimbunga kilipoteza nguvu kilipofika nchi kavu, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini hakuna mtangazaji aliyeweza kulijua hilo Alhamisi usiku. Waulize watu wa Mafia kama kilipita bila madhara. Waulize waliolala barabarani Somanga. Kumtuliza mvuvi aliye kisiwani ilhali taarifa ya hatari iko mezani kwangu ni kumdanganya, na siwezi kufanya hivyo.

Mpwa wa Terrat, walirudi. Mpishi wa kambi yao alisikia orodha ya vyombo Alhamisi, akamwamsha nahodha, nao wakahama Ijumaa mchana kabla hata mama yao hajafika studio. Chombo kilivunjika mkuku, ule uti wake wa chini, watu wakawa salama.

Mtu wa Makueni

Poleni sana, na hongera dada. Mimi ninaandika kutoka Kenya, na ningependa kuuliza jambo ambalo ndugu zetu wa Tanzania hawajaligusa. Huku kwetu kuna Mang'elete, redio ya Mtito Andei iliyoanzishwa na vikundi vya wanawake mwaka 2004, na nguvu yake yote ni kwamba bibi wa kijijini anapiga simu na kuzungumza Kikamba. Juma lake la vipindi vya mbegu, mbuzi na maji lisingekuwa na maana kwa lugha nyingine. Kwa nini redio nyingi za jamii za Tanzania zinazungumza Kiswahili kitupu, hata mahali ambapo wazee hawakizungumzi vizuri?

Mpwa wa Terrat

Kanuni za utangazaji nchini kwetu zinataka Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine kwa kibali. Mimi ni Mmaasai wa Simanjiro, na nimeona bibi yangu akikaa mbele ya redio bila kuelewa taarifa ya chanjo ya ng'ombe wake mwenyewe, akisubiri mjukuu atoke shule amfafanulie. Kwa hiyo nakuunga mkono, ndugu wa Makueni.

Mwana wa Kilwa

Nami nawapinga wote wawili kwa upendo. Huku pwani ya kusini, wilaya moja ina Wamachinga, Wangindo, Wamatumbi, Wamakonde na wageni wa kila upande. Saa ya Kimatumbi ikiwekwa Jumanne, Wangindo watadai Jumatano, na juma halitatosha. Kiswahili ndicho kilichowafikia wale wavuvi wa Binti Pwani, ambao kambini mwao walikuwamo watu wa makabila mengi.

Mtu wa Makueni

Hilo la kambi ya wavuvi nalikubali. La bibi wa Simanjiro bado hamjalijibu.

Jirani wa Kivu

Amani kwenu kutoka Bukavu, mashariki ya Kongo. Hapa Radio Maendeleo, iliyoanza mwaka 1993, imejulikana kwa vikundi vya wasikilizaji, watu wa kijiji kimoja wanaokaa pamoja, wanasikiliza, wanajadiliana, na maoni yao yanarudi redioni. Bibi asiyeelewa anafafanuliwa na jirani palepale. Rekodini vipindi vyenu huko vijijini mapema, msitegemee simu pekee.

Fundi Mnara

Kurekodi mapema kuna hatari yake. Kipindi kilichorekodiwa kikiharibika kwenye flashi saa ya kurushwa, huna cha kuweka. Kuweni mubashara.

Bi Zamu ya Alfajiri

Vyote viwili, fundi. Wahojini watu huko waliko, kisha mtangazaji awe hai studio kupokea majibu.

Mhasibu wa Zamani

Binti Pwani, naomba unisaidie kwa swali la kiutendaji. Ni nani mwenye mamlaka ya kuiondoa ratiba nzima namna ile? Kipindi cha taarabu, kwa mfano, huwa kina mdhamini aliyekwisha kulipa, naye anaweza kudai fedha zake.

Binti Pwani

Alidai. Msimamizi alimfidia kwa kumpa Alhamisi mbili zilizofuata bila malipo, akaridhika. Tangu juma lile tuna maelekezo yaliyobandikwa juu ya mikisa: taarifa ya hatari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikifika, mtangazaji aliye zamuni anaweza kukatiza kipindi chochote bila kumsubiri mtu, anaisoma kila baada ya nusu saa kwa maneno yaleyale bila kuongeza lake, na ndani ya saa moja anampigia msimamizi. Orodha ya vyombo vya kila kijiji inahakikiwa na BMU kila mwanzo wa mwezi.

Mwana wa Kilwa

Kifungu cha kusoma kwa maneno yaleyale kinajibu hoja ya Msikilizaji Mkweli kuhusu hofu. Tafadhali tuwekee maelekezo hayo hapa yote kama yalivyobandikwa, niyapeleke kwenye kikao cha vipindi cha Jumatatu.