Naombeni ushauri: milima ya nyuma kwenye reli yangu ya mfano haina umbali

Behewa la Nyuma:
Wakuu habari za jioni. Nipo Tabata, najenga reli ya mfano sebuleni, saizi ya HO yaani 1 kwa 87, kipande nilichochagua ni TAZARA pale Mang'ula, Udzungwa nyuma na miwa mbele. Meza ina upana wa sentimita 60 tu. Ukutani kuna picha ya milima iliyoprintiwa kwenye bango, sasa taa ikiwaka inang'aa na milima inakuwa kama imebandikwa kwenye reli. Naona wenzetu wa nje wanapanga milima kwa matabaka, moja nyuma ya jingine. Hapa Dar nitumie bodi gani na rangi zikae vipi? Nataka mtu aliyewahi kupita pale akiangalia aseme ndo penyewe.

Kibao_Keko:
Mkuu toa hilo bango. Mbingu tumia hadibodi nyembamba, na kwenye kona ya ukuta usiikate, ikunje taratibu iwe duara, maana mstari wa kona ukionekana mbinguni umbali umekufa hapo hapo. Rangi ya maji isiyong'aa, karibu na upeo iwe nyeupe nyeupe, bluu ikolee ukipanda juu. Milima kata kwenye fomu bodi, ile ya povu jepesi lenye karatasi pande mbili, matabaka matatu yanatosha, katikati yake weka vibao vya sentimita moja mpaka mbili. Kingo zipige msasa uzipake rangi, ule weupe wa ndani usichungulie. Spreyi usiguse kabisa, inayeyusha povu. Na kwa unyevu wa huku kwetu paka pande zote mbili, ukipaka mbele tu bodi inapinda.

Mtoto wa Ifakara:
Asubuhi pale Mang'ula mlima wa mbali kabisa ni kijivu cha bluu, huoni mti hata mmoja, wa karibu ndo kijani kizito mpaka matawi unayaona. Kwahiyo chukua rangi ile ile ya mbingu uchanganye kwenye kijani, mlima wa nyuma iwe kama nusu, wa kati robo, wa mbele usichanganye kitu. Miti chora wa mbele tu kaka, hata mkono ukiwasha vipi, ukichora majani kule nyuma mlima unaruka unakuja mbele.

Dada Stesheni:
Taa weka juu upande wa mtazamaji, ikiwa nyuma karibu na ukuta uso wa mlima unaotazama mtu unabaki kivulini. Pale chini bodi inapokutana na meza ficha kwa katani, ikate fupi fupi uipake kijani, inatoka kama miwa kabisa.

Behewa la Nyuma:
Asanteni sana, hadibodi nafuata wikiendi hii. Upande wa Mlimba treni ipotelee wapi, niweke handaki?

Mtoto wa Ifakara:
Hapana, mahandaki mengi yapo kule kati ya Mlimba na Makambako, hapo kwako halikai. Pindisha reli iingie nyuma ya tabaka la mbele, tundu lizibe kwa miti mikubwa miwili mitatu, behewa ziishie humo moja moja.