Ushauri: nataka kuingia kwenye dagaa Ukerewe, vifaa vipya au vilivyotumika?

Mgeni wa Nansio: Wakuu, habari za jioni. Nina akiba yangu nataka kuingia kwenye uvuvi wa dagaa. Mtumbwi, injini, wavu na taa za sola. Je, ninunue vipya au vilivyotumika? Wazoefu nisaidieni, usingizi umenipaa.

Bwana Karabai: Nyie mna raha. Sisi tulivua na karabai za mafuta ya taa. Tone moja la mvua likigusa kile kioo cha moto, paa! Mnabaki gizani katikati ya ziwa mnatukanana.

Mama Chanja: Vifaa si tatizo, tatizo mvua. Masika dagaa hawakauki, wanabadilika rangi, unaishia kuwauza kwa wenye kuku.

Mzee Kobazi: Umeoa kijana? Maana mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, hela inaingia asubuhi, jioni imeishia kwa mama muuza.

Fundi Yamoto: Nani atakuwa majini usiku, wewe au mtu?

Mgeni wa Nansio: Shemeji, mume wa dada yangu. Mzoefu sana.

Fundi Yamoto: Umeshampa hela?

Mgeni wa Nansio: Nimetanguliza kidogo.

Fundi Yamoto: Kidogo ndiyo nini?

Mgeni wa Nansio: Ya injini. Na ya wavu. Msinihukumu wakuu, hela yenyewe ni mkopo wa kikoba, kwa jina la mke wangu. Anajua, ila juu juu. Lakini shemeji simtilii shaka: kila asubuhi ananitumia hesabu ya mtumbwi anaofanyia kazi sasa. Mwezi mzima hajakosa usiku hata mmoja, ndoo zinajaa.

Mstaafu wa Goziba: Hebu subiri. Hajakosa hata mmoja? Mbalamwezi alikuwa anavua nini? Dagaa wanaifuata taa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukijaa, ziwa zima jeupe, taa yako haina kazi. Watu wako nchi kavu wanashona nyavu.

Kijiko: Chai hii. Nilijua tangu "usingizi umenipaa". Nani ana vitafunwa?

Mzee Kobazi: Na mimi nimeshauri bure!

Mgeni wa Nansio: Si chai jamani! Labda siku hizo alikuwa anavua sangara.

Mstaafu wa Goziba: Kwa wavu wa dagaa, wa matundu ya milimita 8? Mzee, ama wewe unatupikia sisi, ama shemeji anakupikia wewe.

Fundi Yamoto: Weka picha ya injini tumalize ubishi.

Mgeni wa Nansio: Iko kwake, kisiwa cha Ukara. Risiti pia anayo yeye. Ni mtu wa ndani, siwezi kumdai risiti kama mpita njia.

Mama Chanja: Bugolora kivuko cha kwenda Ukara kipo. Vuka kesho ukaione kwa macho.

Mgeni wa Nansio: Kesho haiwezekani dada. Kikoba kinakaa, na mke wangu kasema tuongozane.