Tenki jipya la dizeli Mtwara: maji ya kisima chenye chumvi yanafaa kulijaribia?

FundiLigula
Wakuu, tenki la chuma cha kawaida, kipenyo mita 8, kimo mita 10, limeisha kuchomelewa. Kulijaza maji tuone kama linavuja linakula kama lita 500,000. Kwa boza la lita 10,000 hizo ni safari 50, na mwenye mali ameshanuna. Kuna kisima upande wa Mikindani, maji yake yana chumvi kwa mbali. Wengine wanasema hata ya bahari sawa tu, mradi yatoke haraka. Vali na vipande viwili vya bomba ni stenlesi 304 (chuma kisichoshika kutu kirahisi). Nifanyeje?

MkaguziMatenki
Mkuu, kuonja si kupima. Na kile kipimo cha mkononi cha TDS (jumla ya vilivyoyeyuka majini) kinajumlisha chokaa na chumvi. Kikisoma 900 bado hujui kloraidi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma, ni ngapi. Kikisoma chini ya 50 ndipo una uhakika kloraidi haijavuka hapo. Peleka lita moja maabara, omba pH na kloraidi.

API 650, kanuni ya Kimarekani ya kujenga matenki ya mafuta, inataka maji safi yasiyonuka, pH 6 hadi 8.3, joto chini ya nyuzi 50. Tenki la stenlesi kloraidi isizidi 50 ppm (sehemu kwa milioni). Chuma cha kawaida kinavumilia zaidi, ila bila dawa maji yasikae zaidi ya siku 21, kujaza na kutoa vikiwemo. Bahari ina kama 19,000 ppm, hiyo ifute kichwani.

Vali na vipande vya 304 vivue kabla ya kujaza, ziba kwa blaindi (bati za kuzibia) za chuma cha kawaida. Ukirudisha, gasketi mpya.

RangiNaKutu
Siku 21 nazipinga kwa maji ya kisima. Tope likitua sakafuni, chini yake hewa haifiki, na bakteria wa salfeti wanastawi. Utawajua kwa ute mweusi unaonuka yai viza. Ukiukwangua unakuta vishimo. Chuja maji yakiingia, na yote yaishe ndani ya siku 7. Jaza robo robo, kila robo pima msingi umetitia kiasi gani pande zote, likijaa liache saa 24.

Kinachonitisha zaidi hakiko ndani. Sakafu ikivuja, maji ya chumvi yanazama kwenye mchanga chini ya bati, na huko huoshi wala huoni. Kutu itaila kutoka chini polepole. Pitisha kwanza sanduku la vakyumu (linalofyonza hewa juu ya mshono) na maji ya sabuni kwenye mishono yote ya sakafu. Panapotoa povu, rekebisha kabla tone halijaingia.

FundiLigula
Sanduku tunalo. Na wakati wa kutoa maji?

MkaguziMatenki
Fungua manholi ya juu kabla hujagusa vali ya kutolea. Hewa isipoingia, paa linabonyea ndani kama kopo.

Kisha boza mbili za maji matamu kwa mashine ya presha, kuanzia juu kushuka. Shimo la kutolea maji lifyonze kwa matambara: lita 10 za 400 ppm zikikauka zikabaki lita 1, hapo una 4,000. Ukishapiga mchanga kwa presha kusafisha chuma, rangi ya kwanza iende siku hiyo hiyo. Kwa unyevu wa pwani yetu, ukilaza chuma kitupu, alfajiri unakikuta kimeshakuwa cha machungwa.